Tatjana Maria: Mama wa watoto wawili aliyeishi mlangoni mwa mia bora

Kila Jumatatu Chama cha Tenisi ya Wanawake duniani (WTA) hutoa orodha ya ubora wa wachezaji. Magazeti huandika kumi wa juu, pengine ishirini, kisha kalamu huwekwa chini. Leo tumeamua kushuka na orodha hiyo hadi pale ambapo waandishi wengi hawafiki, kwenye 80, 90, 100 na kuendelea, tumtazame mwanamke mmoja wa Kijerumani ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameyamalizia huko. Jina lake ni Tatjana Maria.

Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi, ikifika Jumamosi, macho yao huwa kwenye soka. Lakini habari ya mama huyu inamhusu hata asiyewahi kushika raketi, kwa sababu ni habari ya riziki. Ni habari ya mtu asiye na mshahara, asiye na mwajiri, anayelipwa kwa kile alichoshinda wiki hii, na wiki ijayo anaanza upya. Sisi tulio ughaibuni, tunaokaa mwisho wa mwezi tukipanga kodi ya nyumba mkono huu na nauli mkono ule, tunaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kivuli cha Steffi Graf

Tatjana alizaliwa tarehe 8 Agosti 1987 katika mji mdogo wa Bad Saulgau, kusini mwa iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Wakati huo akiitwa Tatjana Malek. Siku tisa baada ya kuzaliwa kwake, Mjerumani mwingine, Steffi Graf, alishika namba moja duniani kwa mara ya kwanza. Graf aliendelea kucheza hadi mwaka 1999 na kuondoka na mataji 22 ya mashindano makubwa manne, yaani Grand Slam, upande wa mchezaji mmoja mmoja.

Mtoto yeyote wa Kijerumani aliyeshika raketi baada ya hapo alipimwa kwa mizani hiyo. Ni mzigo. Nchi iliyokwisha kuonja asali ya namba moja haina hamu ya kusikia habari za mchezaji wa 90, hata kama mchezaji huyo amewashinda maelfu ya wasichana wengine ili kufika hapo. Baadaye alikuja Angelique Kerber, aliyeshika namba moja mwaka 2016 na kutwaa mataji matatu ya Grand Slam kabla ya kustaafu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Kati ya Graf na Kerber, na pembeni ya Kerber, walikuwapo wengi ambao hata majirani zao hawakujua wanafanya kazi gani.

Tatjana alikuwa mmoja wao, na mwaka 2008 nusura asiwepo kabisa. Damu iliganda mguuni, donge likasafiri hadi kwenye mapafu. Ugonjwa wa namna hiyo huua haraka. Hakuwa ametimiza hata miaka 22. Aliokolewa hospitalini, akapona, akarudi uwanjani, na orodha ya Jumatatu haikumwonea huruma, kwani orodha haina mahali pa kuandika kwamba fulani alikuwa mahututi.

Hesabu ya mlangoni

Hapa inafaa tueleze namna kazi hii inavyolipa, maana bila hesabu hii mtu hawezi kuelewa ukubwa wa alichokifanya.

Kwenye mashindano ya Grand Slam, upande wa wanawake huingia wachezaji 128. Kati ya hao, 104 huingia moja kwa moja kwa namba zao kwenye orodha ya ubora. Wengine 16 hupatikana kwa mechi za mchujo, ambako mtu lazima ashinde mara tatu mfululizo. Nafasi 8 zinazobaki hutolewa na waandaaji kwa wanaowapenda, mara nyingi vijana wa nchi yao. Kwa hiyo mlango wenyewe uko karibu na namba mia moja na kitu. Ukiwa ndani ya mlango, umeingia. Ukiwa nje kidogo, unagombea kwenye mchujo.

Na fedha je? Mwaka 2022, mchezaji aliyefungwa mechi yake ya kwanza kabisa Wimbledon aliondoka na pauni 50,000. Mwaka 2025 kiasi hicho kilifika pauni 66,000. Mashindano kama hayo yako manne kwa mwaka. Sasa shuka ngazi hadi chini, kwenye mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF). Huko kuna mashindano ambayo zawadi yote, ya bingwa na ya wote waliofungwa, ni dola 15,000, wagawane. Uchunguzi wa ITF wenyewe kwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mchezaji wa kike alihitaji kuwa karibu na nafasi ya 253 duniani ili mapato yalingane na matumizi, na hapo gharama ya kocha ilikuwa haijahesabiwa. Mtu wa 253 kati ya wote duniani katika kazi yake, na bado hana faida!

Ndiyo maana tunasema kwamba tofauti kati ya mchezaji wa 95 na wa 130 haiko sana kwenye mkono. Iko kwenye hundi nne za mwaka. Mwenye hundi hizo analipa kocha, analipa mtu wa kumkanda misuli, analala mahali pazuri kabla ya mechi. Asiyekuwa nazo anabeba mabegi yake mwenyewe na kutafuta tiketi ya bei nafuu. Wajerumani wana afueni moja, nayo ni ligi ya vilabu. Vilabu vya huko huwalipa wachezaji waje wavichezee mechi chache kwa msimu, na wengi wa ngazi ya chini hutegemea fedha hizo kufidia tiketi za ndege.

Isitoshe, pointi za tenisi zinaoza. Ulichoshinda wiki ya kwanza ya Juni kinahesabiwa kwa wiki 52, kisha kinafutwa. Ukitaka kubaki ulipo, sharti ushinde tena kiasi kile kile. Mtu anaweza kucheza vizuri mwaka mzima na namba yake isisogee, kwa sababu mwaka uliopita nao alicheza vizuri.

Mkono mmoja

Mwaka 2013 Tatjana aliolewa na Charles-Edouard Maria, Mfaransa aliyekuwa mchezaji, ambaye ndiye kocha wake. Mwezi Desemba mwaka huo huo akajifungua binti. Wakati ule mjamzito katika tenisi alikuwa mtu asiye na kipato. Likizo ya uzazi yenye malipo haikuwepo. WTA ilianza kutoa likizo ya namna hiyo mwezi Machi 2025, ya hadi miezi 12, kupitia mfuko unaogharimiwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Tatjana alikuwa amekwisha kuzaa watoto wake wote wawili.

Alichofanya katika kipindi kile cha ujauzito wa kwanza ndicho kinachotushangaza mpaka leo. Tangu utotoni alipiga bekihendi, yaani mpira unaokuja upande wa pili wa mkono wa raketi, kwa mikono miwili, kama wafanyavyo karibu wanawake wote wa siku hizi. Kwa ushauri wa mumewe aliacha, akajifunza kupiga kwa mkono mmoja, akiwa na miaka 26. Msomaji mwenye fundi cherehani katika familia amwulize ingekuwaje kama angeambiwa, baada ya miaka ishirini kazini, abadilishe mkono wa kuongozea kitambaa huku wateja wakimsubiri.

Mkono huo mmoja ndio uliompa silaha yake. Tatjana hapigi mpira kwa nguvu za kutisha. Anaukata kwa chini, raketi ikipita kama kisu kinachomenya embe, na mpira unavuka wavu taratibu, ukigusa nyasi hauruki, unateleza. Mabinti wa leo wamefundishwa kupiga kwa kasi mpira unaofika kiunoni. Mpira wa Tatjana unawafika kwenye vifundo vya miguu. Wanainama, wanachelewa, wanakasirika, wanapiga nje. Kwenye udongo au saruji ujanja huo unasaidia kiasi. Kwenye nyasi ni balaa.

Msimu wa nyasi lakini ni mfupi mno, wiki chache tu za Juni na Julai. Ni kama mvuvi ambaye samaki wake hupita mara moja kwa mwaka. Mwaka 2015 alifika raundi ya tatu Wimbledon. Mwezi Juni 2018, akiwa na miaka 30, alishinda taji lake la kwanza la WTA huko Mallorca, kwenye nyasi, baada ya kumfunga Anastasija Sevastova wa Latvia kwenye fainali. Mwezi uliofuata, Wimbledon, akamtoa Elina Svitolina wa Ukraine aliyekuwa amepangwa namba tano. Kisha nyasi zikaisha, akarudi kwenye maisha yake ya kawaida ya kugonga mlango.

London, Julai 2022

Binti wa pili alizaliwa Aprili 2021. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2022, Tatjana alikwenda Bogota, Colombia, akiwa wa 237 duniani. Alianzia kwenye mechi za mchujo, akapenya, akaendelea kushinda hadi akatwaa ubingwa kwa kumfunga Mbrazili Laura Pigossi. Kanuni za WTA zinamruhusu mzazi kutumia kwa muda namba aliyokuwa nayo kabla ya kwenda uzazini, lakini kanuni inakufikisha uwanjani tu. Mechi unazishinda mwenyewe.

Wimbledon ilipoanza alikuwa wa 103, umri miaka 34. Kabla ya hapo hakuwahi kuvuka raundi ya tatu ya Grand Slam yoyote. Alimtoa Astra Sharma wa Australia kwa taabu. Akamtoa Sorana Cirstea wa Romania, aliyepangwa namba 26. Akamtoa Mgiriki Maria Sakkari, aliyepangwa namba tano. Raundi ya nne akakutana na Jelena Ostapenko wa Latvia, bingwa wa French Open wa mwaka 2017, akapoteza seti ya kwanza na kuachwa nyuma 4-1 katika ya pili. Mara mbili Ostapenko alibakiza pointi moja tu amalize kazi. Hakuimaliza. Tatjana alishinda 5-7, 7-5, 7-5.

Robo fainali ilikuwa ya Wajerumani wawili, yeye na Jule Niemeier, kijana wa miaka 22. Mama akashinda tena kwa seti tatu. Asubuhi za wiki hizo mbili, kabla ya kazi yake mwenyewe, alikuwa akienda uwanjani kumfundisha binti yake mkubwa tenisi. Familia nzima husafiri pamoja, baba, mama na watoto, mwaka mzima, na masomo ya watoto husafiri nao. Tatjana aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuwa mama wa watoto wake ndilo jambo kubwa kuliko yote kwake, na kwamba kufika nusu fainali hakutalibadilisha hilo.

Nusu fainali alicheza na Ons Jabeur wa Tunisia, wa pili kwa ubora duniani wakati huo, rafiki yake wa karibu, ambaye humwita mwenzake wa kuchoma nyama. Jabeur alishinda 6-2, 3-6, 6-1 na kuwa mwanamke wa kwanza Mwarabu kufika fainali ya Grand Slam, na wa kwanza kutoka Afrika tangu wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa mwaka 1968. Desturi ya Wimbledon ni kwamba aliyefungwa hupungia mkono na kuondoka, na mshindi hubaki kupokea makofi. Jabeur alimshika Tatjana, akamvuta katikati ya uwanja, akawaonyesha watazamaji kwa mkono kwamba makofi yale yawe ya mama huyu. Kwa sisi Waafrika tuliokuwa tukitazama, siku ile ilikuwa vigumu kujua umshangilie nani zaidi.

Pointi sifuri

Mshindi wa nusu fainali au aliyefungwa, mtu akifika hapo Wimbledon kwa kawaida huongezewa pointi zisizopungua 780. Pointi hizo zingemweka Tatjana ndani ya 50 bora. Alipata sifuri. Wimbledon ya mwaka huo iliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine, na WTA ikajibu kwa kuyanyima mashindano hayo pointi zote. Wakubwa walivutana, na nyasi zilizoumia zilikuwa wachezaji kama yeye. Fedha alipata, pauni 535,000, na kwa familia inayoishi kwa mtindo huo hilo si jambo dogo hata kidogo. Lakini Jumatatu ilipofika, orodha ilisema kana kwamba hakuwahi kwenda London.

Matokeo yake yalionekana wiki chache baadaye. Wachezaji 32 wa juu kwenye Grand Slam hupangwa ili wasikutane mapema. Tatjana, mwana nusu fainali wa Wimbledon, hakuwa miongoni mwao. Kwenye US Open ya mwaka huo huo kura ilimwangushia Maria Sakkari yule yule katika mechi ya kwanza, na safari hii Mgiriki alilipa kisasi. Namba ndogo haikuakisi uchezaji wake, na namba hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye mdomo wa simba.

Katika Wimbledon hiyo hiyo ya 2022 kulikuwa na binti mwingine ambaye wasomaji wetu wanamjua. Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili, taji la kwanza la Grand Slam la vijana kwa Mkenya. Fainali waliwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikuja kutwaa ubingwa mkubwa wa Montreal mwezi Agosti 2025, akiwa na miaka 18. Okutoyi alichukua njia ya chuo kikuu, akaenda kuchezea Auburn huko Marekani, na Machi 2024 akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Wako waliouliza kwa nini Okutoyi hakuingia moja kwa moja kwenye tenisi ya kulipwa baada ya taji lile. Jibu liko kwenye hesabu ya juu. Mjerumani wa nafasi ya 250 anaweza kupanda treni kwenda kwenye mashindano madogo, na akirudi klabu inamlipa. Anayetoka Nairobi, karibu kila mashindano kwake ni tiketi ya ndege na foleni ya viza. Chuo humpa binti kocha, uwanja, chakula, safari na shahada. Kama ngazi hii ilimtoa jasho Tatjana aliyezaliwa Ulaya, katikati ya vilabu na viwanja, tusiwe wepesi kuwalaumu mabinti zetu wanapopumzika kwenye kipandio.

Juni 2025

Tatjana alirudi Bogota mwaka 2023 na kulitetea taji lake. Kisha miaka ikasonga, na orodha ikaendelea kumpandisha na kumshusha. Mwezi Juni 2025 alifika London kwenye mashindano ya Queen's Club akiwa wa 86 duniani, umri miaka 37, akitoka kwenye mfululizo mrefu wa kufungwa. Wanawake walikuwa wakicheza Queen's kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1973. Hakuwa na nafasi ya moja kwa moja. Akaanzia tena kwenye mchujo.

Alipopenya, njia ilikuwa hii: Leylah Fernandez wa Kanada, Karolina Muchova wa Czech, Elena Rybakina aliyekuwa bingwa wa Wimbledon 2022, Madison Keys aliyekuwa bingwa wa Australian Open mwaka huo huo, na kwenye fainali ya tarehe 15 Juni, Amanda Anisimova wa Marekani. Mmoja baada ya mwingine waliinama kuutafuta ule mpira usioruka. Fainali iliisha 6-3, 6-4. Hakuna mwanamke mwenye umri mkubwa kama wake aliyewahi kushinda mashindano ya ngazi hiyo, ambayo WTA huyaita ya 500. Mabinti zake walishuka uwanjani, na mkubwa wao, ambaye mwenyewe anacheza tenisi, alikuwa karibu kumfikia mama kwa urefu.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Safari hii pointi zilikuwepo, zote 500, na jina la Tatjana Maria likaruka kutoka 86 hadi ndani ya 50 bora. Wasioifuatilia tenisi walidhani amezuka ghafla. Waliomfuata tangu siku za mwanzo walijua kwamba ni mchezaji yule yule, mwenye mkono ule ule mmoja, na kwamba kilichobadilika ni wiki moja ya nyasi.

Na pointi hizo 500 nazo zilipewa muda wake, kama zile zilizotangulia: wiki 52, zisizidi.